Mama Miwani na Ukurasa wa Mwisho

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Miwani ni kwamba hakushtuka. Tulikuwa kanisani tukipanga viti vya waamuzi, na fundi aliyekuwa juu roshanini akakijaribu kinanda kwa sauti yake yote bila kutuonya. Vioo vya madirisha vilitetemeka. Mzee anayetunza kanisa alijiangushia kiti mguuni, akatamka neno ambalo si la mahali pale. Mimi nilijikuta nimechuchumaa, nimeziba masikio. Mama Miwani alikuwa amesimama chini ya roshani kabisa, pale ambapo ngurumo humwangukia mtu kama gunia la mchanga, akifunga kifuniko cha chupa ya chai. Alikifunga taratibu, akakikaza, akaitia chupa mkobani. Hata ukope haukucheza.

Nilidhani ni mazoea tu. Nilipomwamkia aliitikia kwa upole, akaniuliza kama nimekula, kisha akaangalia pembeni kabla sijajibu. Baadaye niligundua kwamba ndivyo alivyokuwa kwa kila mtu. Maswali yote ya mtu mwenye adabu aliyauliza, majibu hayakumfikia.

Nilikuwa nimemaliza chuo karibuni, nimepata kibarua katika mashindano ya kimataifa ya vijana wapiga kinanda, yaliyokuja mjini kwetu kwa mara ya kwanza. Vijana walitoka nchi nyingi, kila mmoja na viatu vyake vyembamba vya kukanyagia kinanda cha miguu, wamevibeba kwenye mifuko laini kana kwamba ni mayai. Kazi yangu ilikuwa roshanini: kuwasha mota inayopuliza upepo kwenye mabomba ya kinanda, kugeuza kurasa za nota, na kuhakikisha kila mshiriki ana msaidizi wake.

Msaidizi ni lazima, kwa sababu kinanda chetu ni cha zamani. Kushoto na kulia kwa mpigaji vimejipanga vishikio vya mbao, na kila kimoja kina jina lake: Filimbi, Zumari, Tarumbeta, na vingine vingi. Ukivuta kishikio, safu yake ya mabomba inaamka, ukikirudisha, inalala. Vinanda vya kisasa hukumbuka vyenyewe nini kivutwe na wakati gani. Chetu hakikumbuki chochote. Mpigaji mikono yake imejaa, miguu yake imejaa, kwa hiyo mtu mwingine husimama kando yake akivuta na kurudisha kwa wakati wake. Kijana mmoja kutoka mbali alikuja na profesa wake kwa ajili ya kazi hiyo, mtu mrefu mwenye glavu nyeupe. Chiriku, mshiriki pekee wa mji wetu, alikuja na mama yake.

Chiriku si jina la cheti. Aliitwa hivyo tangu utotoni kwa sababu alikuwa hafungi mdomo. Mama Miwani naye jina lake limetoka kazini. Amefanya kazi miaka mingi katika duka la miwani, nyuma ya pazia la kijani. Mbele ya pazia daktari wa macho anapima. Nyuma, yeye anakata vioo, anavitia kwenye fremu, anapasha mikono ya fremu kwa kifaa kinachopuliza hewa ya moto na kuikunja mpaka ikae vizuri nyuma ya masikio ya mteja. Anasema hajawahi kumwona binadamu mwenye masikio mawili yanayolingana, na kwamba wateja hununa wakiambiwa.

Mumewe alifundisha hesabu shule ya msingi, na kanisani alikuwa mpiga kinanda. Mji mzima ulimwita Mwalimu. Wakati wa uchumba wao, msaidizi wa Mwalimu aliingia mitini asubuhi ya harusi ya watu, na Mwalimu akamwomba mchumba wake apande roshanini. Binti wa watu hakujua nota hata moja, na mpaka leo hajui. Mwalimu alimwambia avute kishikio kinachofuata kila atakapomsikia anakohoa. Mpango ulikwenda vizuri mpaka Mwalimu alipopata mafua ya kweli. Ilikuwa kwenye maziko, wimbo wa taratibu kabisa, na kila kikohozi kilileta safu nyingine ya mabomba, hadi wafiwa wakageuka kutazama juu wakidhani marehemu anapokelewa na jeshi zima. Wifi yake Mama Miwani, yaani dada yake Mwalimu, anakisimulia kisa hicho mpaka leo na kukitia chumvi. Katika masimulizi yake, jeneza lilisogea.

Baada ya hapo waliachana na kikohozi. Mwalimu alivuta pumzi kwa nguvu puani, bega lake la kulia likapanda kidogo, na mkewe akavuta. Hapakuwa na haja ya kutazamana. Wifi anasema nyumbani waligombana kama watu wengine, juu ya chumvi, juu ya redio, juu ya nani kaacha dirisha wazi, lakini roshanini hawakuwahi kukosana hata kidogo.

Mwalimu alifariki mwaka jana, ghafla, akiwa darasani anasahihisha hesabu. Habari ilimkuta mkewe dukani, ameshika fremu ya mteja. Alimalizia kukaza skrubu, akamvalisha mteja miwani yake, akamwuliza kama haimbani, ndipo akavua aproni. Msibani alijua nani hajala, nani atalala wapi, godoro la ziada liko kwa jirani yupi. Hakulia. Watu walianza kunong'onezana, na wifi yake ndiye aliyewafunga midomo, ingawa yeye mwenyewe alimwambia usoni kwamba amegeuka jiwe.

Aliporudi kazini, siku moja daktari wa macho alisikia harufu ya kitu kinachoungua, akaingia nyuma ya pazia. Kidole gumba cha Mama Miwani kilikuwa kimegusa mdomo wa kile kifaa cha hewa ya moto, naye alikuwa anakiangalia. Mama Miwani mwenyewe alinisimulia hayo kama mtu anayeeleza mambo ya jirani. Hakusikia maumivu, alisema. Aliona tu ngozi inabadilika rangi, akafikiri kwamba hilo ni jambo ambalo mtu anapaswa kulifanyia kitu.

Chiriku alikuwa amejiandikisha kwenye mashindano kabla ya baba yake kufariki. Alitaka kujitoa, akaghairi. Hakumwomba mama yake awe msaidizi. Siku ya kwanza ya mazoezi mama alipanda tu ngazi, akasimama upande wa kushoto wa kinanda, mahali pake pa siku zote, akangoja.

Katika raundi ya kwanza kila mshiriki alijichagulia kipande. Chiriku alichagua kile ambacho baba yake alikipenda kuliko vyote. Mwalimu alikuwa akikimalizia kwa Tarumbeta, kishikio cha chini kabisa upande wa kushoto, sauti ya kubomoa ukuta. Chiriku alikuwa na mawazo mengine. Ukurasa wa mwisho aliusikia kichwani mwake kama mtu anayeondoka bila kuaga, na alitaka uishe kwa Filimbi peke yake. Hakufanya hivyo kwa ubishi, ndivyo alivyousikia. Alimweleza mama yake, mama akasema sawa. Kila walipofanya mazoezi Mama Miwani alirudisha vishikio vyote mwanzoni mwa ukurasa ule akaiacha Filimbi, na mikono yake haikukosea. Ukimtazama usoni ungedhani anaanua nguo.

Siku yenyewe kanisa lilijaa. Mimi nilikuwa kulia nikigeuza kurasa, Mama Miwani kushoto. Chiriku alipiga vizuri, tena vizuri sana, na nilipogeuza ukurasa wa mwisho nilimsikia akivuta pumzi. Aliivuta kwa nguvu, puani, na bega lake la kulia likapanda kidogo. Kwenye mazoezi hakuwahi kufanya hivyo. Siku ile alikuwa na hofu, na hofu ilimtolea kitu alichokirithi bila kujua. Mkono wa Mama Miwani ukashuka, ukashika kishikio cha Tarumbeta, ukakivuta mpaka mwisho.

Kanisa lilinguruma. Chiriku hakuwa na mkono wa kukirudisha. Niliona shingo yake ikikakamaa. Nota alizozipanga zinong'one hazikuweza kunong'ona tena, basi akapunguza mwendo, akazipanua, akaupiga ukurasa wote kama alivyokuwa akiupiga baba yake, kwa kuwa kwa sauti ile hapakuwa na njia nyingine. Chini watu walisimama kupiga makofi. Mzee anayetunza kanisa alilia waziwazi. Mama Miwani alirudisha vishikio kimoja kimoja na kukifuta kila kimoja kwa kitambaa, kama anavyofuta vioo dukani.

Matokeo yalitangazwa siku hiyohiyo. Vijana wanne waliingia fainali, na Chiriku alikuwa mmoja wao. Mwenyekiti wa waamuzi alisema, kwa sauti ya kumpongeza, kwamba waliguswa hasa na ujasiri wa ukurasa wake wa mwisho. Wifi, aliyekuwa amekuja kukaa na familia kwa ajili ya mashindano, alipiga kigelegele kilichomfanya mwamuzi wa karibu aangushe kalamu. Chiriku alishukuru kwa heshima, akaenda moja kwa moja kwenye chumba kinachohifadhi mavazi ya kwaya. Mama yake alimfuata, nami na wifi tukafuata nyuma.

Alikuwa amekaa juu ya sanduku, amevua kiatu kimoja.

"Wamempitisha Baba," alisema. "Mimi hawajanisikia bado."

Mama yake alisema kwamba ni yeye aliyevuta.

"Najua ni wewe. Nauliza kwa nini."

"Ulivuta pumzi kama yeye. Mkono ukaenda. Niliuona unavyokwenda."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Mama Miwani alifikiri. Aliangalia mavazi yaliyotundikwa ukutani kana kwamba jibu limo humo.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Tangu siku ile sijui niko wapi."

Chiriku alikivaa tena kiatu alichokivua, akakivua tena. Wifi ndiye aliyevunja ukimya, maana yeye ukimya humwasha kama upupu. Alimwambia Mama Miwani kwamba siku hizi yeye ni sawa na mlinzi wa geti anayelala macho wazi: geti anafungua, anayeingia hamjui. Akasema kama ni hivyo basi apumzike, nafasi ya fainali apewe mtu mwingine, kwa sababu kaka yake ameshakufa na mtoto bado yu hai. Aliyasema kwa namna yake ya utani, lakini mwishoni alijifanya anatafuta leso. Mama Miwani alimpa ya kwake.

Sheria za mashindano ziliruhusu kubadilisha msaidizi kabla ya fainali, mradi jina lipelekwe kwa katibu mapema. Mimi ndiye niliyetumwa kulichukua. Kesho yake nilikwenda duka la miwani nikamkuta Mama Miwani nyuma ya pazia. Kabla sijakaa aliniambia niandike jina la mwanafunzi fulani wa muziki, kijana mwangalifu anayejua kusoma nota. Alikuwa ameshazungumza naye. Alisema hivyo huku akikunja mkono wa fremu, na alisema bila uchungu, kama anayeagiza bisibisi ya saizi nyingine.

Chiriku aliingia wakati huohuo. Alipita pazia, akakaa kwenye kiti cha wateja, uso kwa uso na mama yake. Mama, kwa mazoea ya kazi, alimvalisha ile fremu tupu aliyokuwa nayo mkononi, akaangalia kama imekaa sawa. Nilitaka kucheka, nikajizuia. Chiriku aliiacha hapo hapo puani na kuanza kuzungumza.

Alisema usiku hakulala, alikuwa na hasira, kisha hasira ikaisha akabaki na hesabu tu. Mwanafunzi yule angevuta kila atakachoandikiwa. Asingekosea. Lakini asingejua pia kitu kilichoachwa bila kuvutwa.

"Wewe ndiye unayejua mwisho wa Baba, kuliko mtu yeyote," alisema. "Nataka anayesimama kando yangu ajue kwamba huu si ule."

"Nitakosea tena."

"Hiki hukijui. Hata yeye hakukijua."

Hiyo ilikuwa kweli. Kipande cha fainali ni kipya, kimetungwa kwa ajili ya mashindano haya, na wote wanne lazima wakipige. Hakijawahi kusikika popote. Mtunzi ameandika kila kitu isipokuwa jambo moja: kwenye ukurasa wa mwisho hakusema sauti iwe ipi. Amemwachia mpigaji. Hapo ndipo waamuzi watakapopima nani ni nani.

Chiriku aliweka masharti. Pumzi hazitahesabiwa tena. Kila badiliko atalitaja kwa jina, kwa mdomo, na mama yake asivute chochote ambacho hakikutajwa. Mama aliuliza itakuwaje kinanda kikinguruma. Chiriku alisema basi mama ainame, amfuate mdomoni. Na mwisho, je? Hapo binti alivua fremu, akaiweka mezani.

"Mwisho sitakwambia. Nitautaja pale pale."

Mama Miwani alinitazama, nami nilikuwa bado nimeshika kalamu. Aliniambia jina libaki lilelile la kwake.

Mazoezi yalianza siku hiyo. Mwanzoni sikuona tofauti yoyote. Chiriku alitaja, mama akavuta. Alitaja, mama akarudisha. Sura ilikuwa ileile ya kuanua nguo. Kilichobadilika ni kwamba alilazimika kuinama kila mara kumfuata binti yake mdomoni, na mgongo wake haukuzoea. Yule profesa wa glavu nyeupe, aliyekuwa akingoja zamu ya mwanafunzi wake, aliwatazama kwa mshangao, akaniuliza kwa ishara kama wanaongea wakati wa kupiga. Nilimjibu kwa kichwa kwamba ndiyo, wanaongea. Alionekana kuona wivu, au labda nilijidanganya.

Kila walipofika kwenye ukurasa wa mwisho Chiriku alisimama, akafunga kitabu, akashukuru, akashuka ngazi. Mama alibaki ameinama, akingoja jina lisilotajwa. Mara ya kwanza alinyooka na kufuta vishikio. Safari nyingine alinyooka, akashika kitambaa, asifute. Safari iliyofuata aliniuliza ukurasa ule una nini.

Nilifurahi kuulizwa. Nilimweleza kwa kirefu, kama nilivyofundishwa: unaanza na nota moja ndefu ya miguu, juu yake mikono inaingia mmoja baada ya mwingine, inakutana, inatengana, halafu inabaki sauti moja. Aliuliza kama ni wa kelele au wa utulivu. Nilisema unaweza kuwa vyovyote. Aliuliza kama mimi ningeumaliza vipi. Nilikiri kwamba sijui.

"Na shule yote hiyo?" alisema, akanipa kitambaa nifute mimi.

Wifi ananiambia kwamba nyumbani mambo yamekuwa hayohayo. Chakula kinapikwa, vyombo vinaoshwa, usiku taa inazimwa kwa wakati, na kitanda cha Mwalimu upande wa ukutani bado kimetandikwa bila mkunjo. Mama Miwani bado hajalia, na wifi ameacha kumngoja alie. Lakini juzi, wakiwa mezani, alimwuliza Chiriku kama ni Zumari. Chiriku alijaza mdomo chakula. Akauliza kama ni Filimbi basi, ile aliyoikosa. Chiriku aliomba maji. Wifi alisema acheni mtoto ale, kisha yeye mwenyewe akashindwa kuvumilia, akauliza kama ni Tarumbeta. Walimtazama wote wawili kwa pamoja, kwa jicho moja baya, na wifi anasema hajawahi kufurahi kutazamwa vibaya namna ile.

Daktari wa macho naye alinisimamisha barabarani asubuhi hii kunilalamikia. Mama Miwani amemrudishia mteja miwani imepinda, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mteja aliporudi, Mama Miwani alikuwa amesimama nyuma ya pazia ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza chumba cha pili. Daktari aliniuliza mashindano haya yataisha lini. Nilimwambia ni leo.

Ni leo kweli, na ninaandika haya kwenye ngazi za roshani, maana sijui baada ya jioni nitayaandika kwa moyo gani. Wameshapiga kura ya mpangilio: Chiriku atapiga wa mwisho. Amekaa kwenye chumba cha mavazi ya kwaya na shangazi yake, kimya, jambo ambalo shangazi anasema lingestahili tangazo redioni. Asubuhi nilimwuliza kama ameshaamua. Alisema anazo njia mbili, na zote anazipenda, na moja inamtisha. Hakusema ipi. Aliniomba nisimwambie mama yake kwamba ni mbili.

Mama Miwani yuko juu. Alipanda mapema kuliko mimi, kabla mota haijawashwa. Nimemkuta amekaa kwenye benchi la mpigaji, mahali ambapo sijawahi kumwona akikaa, mikono mapajani, anaangalia kile kitabu kilichofungwa. Hakukifungua, angekifungua asingeelewa kitu. Nimemwuliza kama ana hofu. Alifikiri, kama anavyofikiri sasa kila anapoulizwa habari zake, kwa uaminifu, kama mtu anayepapasa mfukoni. Alisema hofu haipo. Huzuni nayo, akiitafuta, bado haioni ilipo. Anajua tu kwamba ipo mahali fulani na itakuja siku yake. Kilichopo ni kimoja.

"Nataka kujua atasema nini," alisema.

Chini mzee amefungua milango, watu wanaingia. Wamejaza viti vya mbele na sasa wanajaza vya pembeni. Waamuzi wamekaa. Mshiriki wa kwanza, kijana wa yule profesa, anapanda ngazi akiwa na mfuko wake wa viatu, na inabidi nisogee apite. Mama Miwani amempisha kwenye benchi, amesimama nyuma, juu ya ngazi hizi, karibu na mlango wa chumba cha mabomba. Bado vijana watatu kabla ya binti yake. Amenivuta mkono wa shati, ameniuliza kama kila mmoja wao lazima apige kipande chote, mpaka mwisho.